BREKI YA WINCHI HULIWA KIMYAKIMYA: IPIME, UANDIKE

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, Kasekese, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi)

  Ninyi vijana mliosimama pale nyuma, sogeeni karibu, maana maneno ya leo yanawahusu zaidi ninyi.

Leo sitazungumza juu ya mahindi wala tumbaku. Nitazungumza juu ya breki. Najua baadhi yenu mnajiuliza, "Mwalimu huyu breki ameijulia wapi? Yeye ana baiskeli tu." Ni kweli. Mimi si fundi wa umeme. Mimi nilisomea ualimu. Lakini haya nitakayosema nimeelezwa na fundi. Nikayaandika, nikamsomea tena, naye akanisahihisha mpaka akasema, "Sasa ni sawa." Kwa hiyo nawaletea maneno ya fundi kwa mdomo wa mwalimu.

KWA NINI BREKI?

Hapa Kasekese sisi ni wakulima. Lakini ni nani kati yetu ambaye hana mtoto, au mdogo wake, au shemeji, aliyekwenda machimboni baada ya mavuno? Mkoa wetu una dhahabu, una shaba. Tangu zamani watu wamechimba huku. Reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa Mpanda kwa sababu ya madini ya risasi ya Mukwamba. Mgodi ule ulifungwa mwaka 1960. Leo wachimbaji wadogo ndio wengi.

Zamani mawe yalitolewa shimoni kwa nguvu za mikono. Watu wawili walizungusha gogo lenye kamba, ndoo ikapanda polepole. Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi, na mahali ambapo haujafika watu wana jenereta. Basi katika maduara mengi kuna winchi ya umeme. Kijana anabonyeza kitufe, mawe yanapanda. Anaachia kitufe, mawe yanasimama.

Hapo ndipo penye swali langu. Anapoachia kitufe, ni kitu gani kinachoyashika mawe yale yasirudi chini? Mota imekwisha zimika. Kamba haijashikwa na mtu. Ni kitu gani?

Ni breki. Peke yake.

Miaka kadhaa iliyopita, mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikwenda kufanya kazi katika duara moja. Sitalitaja. Siku hiyo ndoo ilijazwa mawe, ikavutwa, ikafika karibu na mdomo wa shimo. Mwendesha winchi akaachia kitufe ili watu waivute ndoo pembeni. Ndoo haikusimama. Ilianza kurudi chini, kwanza taratibu, halafu kwa kasi. Mdogo wangu alikuwa chini. Alisikia kelele, akaruka ukutani. Ndoo ilimpata mguu.

Tunamshukuru Mungu yu hai. Lakini anatembea kwa fimbo, na jembe hawezi kulishika kama zamani.

Watu walisema mengi. Wengine walisema duara lile lilitaka kafara. Wengine wakasema kuna mtu amemwonea wivu mwenye duara. Baadaye fundi akaja, akaifungua breki. Pedi ilikuwa imekwisha, kimebaki chuma kinachosugua chuma. Haikuwa kafara, wala haikuwa wivu. Ilikuwa ni pedi iliyoliwa siku nyingi, na hakuna aliyeitazama.

Wazee mnakumbuka pia tarehe 24 Juni 2002. Treni ya abiria ilikuwa inapanda mlima karibu na Igandu, mkoani Dodoma. Breki zikashindwa kuishika. Treni ikarudi nyuma, ikateremka kwa kasi, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Breki ya treni si sawa na breki ya winchi, lakini somo ni lile lile. Kitu kizito kilichopandishwa juu kinataka kurudi chini wakati wote. Hakichoki kutaka. Kinachokizuia ni breki.

BREKI HII INAFANYAJE KAZI?

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa wengi hukosea. Sisi tunaijua breki ya baiskeli. Ukitaka kusimama, unabana. Usipobana, gurudumu liko huru. Siyo?

Breki ya winchi ya umeme ni kinyume chake. Yenyewe inabana wakati wote. Umeme ndio unaoifungua.

Fikirini mlango wenye springi, ule unaojifunga wenyewe. Ukiusukuma, unafunguka. Ukiuachia, unajifunga. Breki yetu ni kama mlango huo. Springi ndizo zinazofunga. Umeme ndio mkono unaosukuma.

Breki hiyo huwa nyuma ya mota, ndani ya kifuniko cha chuma. Ndani yake kuna vitu vinne vya kukumbuka:

Kwanza, kuna sahani ya mviringo inayozunguka pamoja na mhimili wa mota. Sahani hiyo ina pedi pande zote mbili. Pedi ndiyo inayosuguliwa, nayo ndiyo inayoliwa.

Pili, kuna bamba la chuma. Bamba hilo halizunguki. Linasogea mbele na nyuma tu.

Tatu, kuna springi. Hizi zinalisukuma bamba liibane sahani.

Nne, kuna koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme ukipita ndani yake, inakuwa sumaku. Sumaku hiyo inalivuta bamba, sahani inakuwa huru, na mota inazunguka.

Ukibonyeza kitufe, utasikia "klak!" Hiyo ni sauti ya sumaku kulivuta bamba. Ukiachia, utasikia tena "klak!" Springi zimelirudisha bamba, na sahani imebanwa.

Kwa nini mafundi walifanya hivi? Kwa sababu umeme unaweza kukatika saa yoyote, nanyi mnajua. Kama breki ingehitaji umeme ili ibane, siku umeme ukikatika mzigo wote ungeanguka. Lakini hapa umeme ukikatika, springi zinabana zenyewe.

Akili hii si ya jana. Mwaka 1854, katika maonyesho huko New York, Marekani, mtu mmoja aitwaye Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililovutwa juu kwa kamba, watu wakitazama. Akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa likashuka kidogo tu, likasimama. Kamba ilipolegea, springi ilifunguka ikasukuma vyuma, vikang'ang'ania kwenye meno ya nguzo za pembeni. Nguvu ikikosekana, kitu kinakamata chenyewe. Ndiyo maana leo watu wanapanda lifti za maghorofa bila hofu.

Lakini ndugu zangu, springi haina la kufanya kama pedi imekwisha. Mlango hata ukijifunga wenyewe, kama bawaba zimeliwa, mwizi ataingia.

PEDI HULIWAJE?

Pedi huliwa kidogo kidogo, kama kisu kinavyoliwa na jiwe la kunolea. Kisu cha mama jikoni kikinolewa leo, huoni tofauti. Kesho huoni tofauti. Baada ya miaka mitano kimekuwa chembamba kama unyasi. Ni lini kilikonda? Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyekipima.

Breki nayo ni hivyo hivyo. Kila siku inaonekana kama jana. Mwendesha winchi anasema, "Jana ilivuta, leo itavuta." Ndiyo, itavuta. Tena itavuta mpaka siku ya mwisho.

Sasa kuna alama moja inayoonyesha ulaji huo. Nayo ni pengo.

Breki ikiwa imebana, kati ya sumaku na bamba kuna nafasi ndogo. Hilo ndilo pengo. Pedi ikiwa nene, bamba linakaa karibu na sumaku, na pengo ni dogo. Pedi ikiliwa, bamba linasogea mbali na sumaku, na pengo linakua. Kwa hiyo ukilipima pengo, umeipima pedi bila kuibomoa breki yote.

Pengo hilo ni dogo sana. Katika breki ndogo nyingi, likiwa limewekwa sawa, ni kama 0.2 hadi 0.5 ya milimita. Hapa wahitimu wa hesabu wanicheke nikikosea. Milimita moja ikate sehemu kumi. Sehemu moja ni 0.1. Karatasi ya daftari lenu unene wake ni karibu na hapo. Basi pengo la 0.3 ni kama karatasi tatu zilizobanwa pamoja. Mnaona lilivyo dogo? Jicho haliwezi kuona kama limetoka 0.3 likawa 0.5.

Lakini msipime kwa karatasi! Karatasi ni ya mfano tu hapa darasani. Fundi ana kipimo chake, kinaitwa fila geji. Ni vibamba vyembamba vya chuma vilivyofungwa pamoja kama visu vya mfukoni, na kila kimoja kimeandikwa namba ya unene wake. Anaviingiza katika pengo kimoja kimoja mpaka apate kile kinachopita kwa kugusa pande zote mbili. Anasoma namba. Basi.

Pengo likikua mno, mambo mawili hutokea. La kwanza, sumaku inashindwa kulivuta bamba, au inalivuta kwa kuchelewa. Sumaku, mnajua, ukiiweka mbali na msumari haiuvuti. Hapo mota inazunguka huku breki bado imebana. Pedi inasuguliwa, inapata moto, inaungua, na harufu inatoka. La pili, springi zimenyooka na nguvu zake zimepungua, kwa hiyo hata zinapobana, hazibani kama mwanzo. Mzigo unateleza.

Umeme ukiwa hafifu, ubaya unazidi. Sumaku inakosa nguvu, na bamba linatetemeka "trrr, trrr". Mkisikia mlio huo, simamisheni kazi. Msiseme ni jenereta tu.

UKAGUZI WA KILA SIKU

Haya mwendesha winchi anaweza kuyafanya mwenyewe kila asubuhi kabla mtu hajashuka shimoni. Hayahitaji kufungua kitu chochote.

1. Sikiliza. Bonyeza kitufe na uachie. Je, "klak" inasikika mara moja, au inachelewa?

2. Jaribu mzigo. Funga ndoo yenye mawe, uzito wa kazi ya kila siku. Inyanyue kiasi cha mkono mmoja kutoka ardhini, mahali ambapo hakuna mtu chini yake wala pembeni. Achia kitufe. Tia alama ya chaki kwenye waya wa chuma na kwenye fremu, zilingane. Subiri kidogo. Je, alama bado zinalingana? Zikiachana, mzigo unateleza.

3. Tazama kusimama. Mzigo ukishuka na ukaachia kitufe, je, unasimama pale pale, au unaendelea kushuka kidogo? Kama jana ulishuka vidole viwili na leo vidole vinne, breki inakwambia jambo.

4. Nusa. Harufu ya kitu kilichoungua karibu na mota si harufu ya kawaida.

5. Pima joto bila kugusa. Baada ya kazi peleka kiganja karibu na kifuniko. Kama joto linakurudisha nyuma na siku nyingine halikuwa hivyo, mwambie fundi.

Haya yote hayachukui muda mrefu kuliko kuchemsha chai.

UKAGUZI WA FUNDI

Kazi ya kufungua kifuniko ni ya fundi, au ya mtu aliyefundishwa na fundi. Yeye hufanya hivi:

Kwanza, anashusha mzigo mpaka chini. Breki isifunguliwe kamwe huku mzigo unaning'inia. Watu hukimbilia bisibisi wakasahau kwamba breki wanayoifungua ndiyo inayoshika mawe.

Pili, anazima umeme kwenye swichi kubwa na kuifunga kwa kufuli. Ufunguo anautia mfukoni mwake. Tena anaandika karatasi, "USIWASHE. MTU YUKO KAZINI," na kuibandika hapo. Ndugu zangu, hapa mnaona faida ya kisomo. Karatasi ile haina maana kwa asiyejua kusoma.

Tatu, anapima pengo katika sehemu tatu kuzunguka breki. Kama upande mmoja ni 0.3 na mwingine ni 0.6, pedi imeliwa upande, au bamba limekaa vibaya.

Nne, anatazama unene wa pedi. Kila breki ina kitabu chake kutoka kiwandani, na humo imeandikwa pengo la mwisho na unene wa mwisho wa pedi. Namba hizo hazifanani kwa breki zote. Kama pedi bado ni nene, anaweza kulirudisha pengo kwa kukaza boliti za kurekebishia. Kama pedi imefika mwisho, anaweka sahani mpya. Kukaza pengo hakurudishi pedi iliyoliwa. Ni sawa na kukaza mkanda wa suruali kwa mtu mwenye njaa. Suruali haianguki, lakini njaa iko pale pale.

Tano, anatafuta mafuta. Giaboksi ikivuja, mafuta yanaweza kufika kwenye pedi. Pedi iliyonyonya mafuta haishiki tena, hata ikiwa nene. Hubadilishwa.

Sita, anatazama springi kama kuna iliyovunjika, boliti kama zimelegea, waya kama zimechubuka, na kutu kama imeingia. Winchi iliyolala masika yote bila kazi inaweza kuwa imegandwa na kutu.

Na vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo. Pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi la asbesto huharibu mapafu pole pole kwa miaka mingi. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, fundi akiwa ameziba pua na mdomo kwa barakoa, na umeme ukiwa umezimwa.

MAMBO YA KUKATAA

Kuna mambo ambayo watu huyafanya ili kazi iendelee. Myakatae.

Msitie mafuta kwenye breki eti ili isipige kelele.

Msifunge kwa waya kile kishikio cha kufungulia breki kwa mkono. Kishikio hicho ni cha kushushia mzigo taratibu siku umeme ukikatika. Mkikifunga, hamna breki tena.

Msichonge pedi ya gari mkaibandika kwenye sahani ya winchi.

Msipande ndani ya ndoo ya mawe. Najua kupanda ngazi kunachosha. Lakini winchi ya mawe haikutengenezwa kwa watu.

Na yeyote asisimame chini ya mzigo, hata kama breki ni mpya.

DAFTARI LILILOSEMA

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi kama mwalimu nalijua vizuri zaidi. Nalo ni daftari.

Kijana mmoja alihitimu kisomo katika darasa letu. Alikuja hajui hata kuandika jina lake. Baadaye akapata kazi ya kuendesha winchi. Fundi wa pale alimfundisha kupima pengo kila Jumamosi, umeme ukiwa umezimwa na kufungwa. Fundi akamwandikia kwa rangi juu ya kifuniko: "MWISHO 0.6." Namba hiyo aliitoa katika kitabu cha breki ile.

Kijana akanunua daftari, akaanza kuandika. Nimeliona kwa macho yangu. Mwandiko ni mkubwa na umepinda, lakini unasomeka. Lilisema hivi:

Wiki ya 1. Pengo 0.3. Mzigo umeshika. Harufu hakuna.
Wiki ya 3. Pengo 0.3. Mzigo umeshika. Harufu hakuna.
Wiki ya 5. Pengo 0.4. Mzigo umeshika. Harufu hakuna.
Wiki ya 7. Pengo 0.4. Mzigo umeshika. Kifuniko cha moto kidogo.
Wiki ya 9. Pengo 0.5. Mzigo umeshika. Kifuniko cha moto.
Wiki ya 10. Pengo 0.6. Mzigo umeteleza vidole viwili. Harufu ipo.

Wiki ile ya 10 akazima winchi. Mwenye duara alipofika alikuta watu wamekaa.

Kijana akamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona kazi imelala?"

"Nimeisimamisha winchi, mzee. Breki imefika mwisho."

"Nani kasema? Jana si ilivuta?"

"Jana ilivuta, mzee. Lakini naomba usome hapa."

Mzee alikuwa amekasirika. Tena wachimbaji wenyewe walikuwa wananung'unika, maana siku bila mawe ni siku bila fedha. Wengine walimwambia kijana, "Wewe umekuwa bwana fundi lini?" Hakuwajibu. Alimpa mzee daftari.

Mzee alilisoma mstari kwa mstari. Akarudi mwanzo, akasoma tena. Halafu akasema, "Kumbe ilianza kuliwa tangu wiki ya tano." Akamwita fundi.

Fundi alipofungua, pedi ilibaki nyembamba kama ukucha. Kazi ilisimama siku mbili mpaka sahani mpya ilipopatikana. Siku mbili hizo watu walikopa unga. Sitawadanganya kwamba haikuwauma. Iliwauma. Lakini siku zote duara lile huwa na watu wanne chini, na wote wanne walirudi kwao.

Sasa nawauliza. Kama kijana yule angekwenda kwa mdomo mtupu na kusema, "Mzee, naona kama breki si nzuri," angejibiwa nini? Angeambiwa, "Unaona kama! Rudi kazini." Neno la mdomo la mtu mdogo huzimwa na neno la mdomo la mtu mkubwa. Lakini namba iliyoandikwa, yenye tarehe, haina mkubwa wala mdogo. Mzee hakubishana na kijana. Alibishana na daftari, na daftari likashinda.

Nilipomweleza mdogo wangu habari hii, alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Kwetu pia palikuwa na mtu aliyesema ananusa harufu. Alisema siku tatu. Lakini hakuna aliyeandika."

TUFANYE NINI?

Ndugu zangu, mkirudi nyumbani, fanyeni mambo matatu.

La kwanza, wenye vijana machimboni, wapeni salamu hizi. Waulizeni, "Breki ya winchi yenu ilipimwa lini? Imeandikwa wapi?" Wakisema hawajui, wamekwisha kujibu.

La pili, ninyi mtakaokwenda huko, nendeni na daftari na kalamu. Andikeni tarehe, pengo, mzigo umeshika au umeteleza, harufu, joto, na sahihi ya aliyepima. Namba ya mwisho muiombe kwa fundi, muiandike ukurasa wa kwanza. Na mkaguzi wa migodi au wa usalama mahali pa kazi akija, msimkimbie. Mwonyesheni daftari.

La tatu, msidhani haya ni ya winchi peke yake. Mkanda wa mashine ya kusaga huliwa. Breki ya pikipiki inayombeba mama mjamzito kwenda zahanati huliwa. Breki ya trela la kubeba pamba huliwa. Kila kinachosuguliwa huliwa, na kila kinachoandikwa huonekana.

Wakati mnaanza darasa, baadhi yenu mliniuliza, "Mwalimu, sisi watu wazima kusoma kutatusaidia nini? Barua hatuandikiwi." Siku ile nilitoa majibu mengi ya chuoni. Leo jibu langu ni fupi. Kuna watu wanne waliopanda kutoka shimoni kwa sababu mtu mmoja alijua kuandika 0.6.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Breki ya baiskeli na breki ya winchi ya umeme zinatofautianaje?
2. Umeme ukikatika wakati ndoo iko juu, ni kitu gani kinachoishika?
3. Kwa nini pengo hukua pedi inapoliwa?
4. Taja mambo matano ambayo mwendesha winchi anaweza kuyakagua kila asubuhi.
5. Kama wewe ungekuwa mwenye duara, ungemjibuje kijana aliyesimamisha kazi? Na kama ungekuwa mchimbaji uliyekosa fedha siku mbili, ungesemaje?
6. Chora katika daftari lako mistari ya kuandikia ukaguzi wa chombo kimoja kilichopo kijijini kwenu. Ilete siku ya kikundi.